Hatua ya Tatu, Imebaki Moja

Jumatatu, 6 Machi

Siyo bawasiri.

Naandika hivyo kwanza, nione linavyokaa kwenye karatasi. Miezi minane nimekalia beseni la maji ya chumvi kama kuku anayeatamia. Nimemaliza tyubu tatu za dawa ya kupaka. Nimeacha pilipili, mimi niliyekuwa nakula pilipili kama karanga. Na siyo bawasiri.

Daktari wa kamera ya utumbo aliniambia nilale ubavu, nisikaze. Nusu nilikuwa usingizini, nusu macho. Nikamsikia anamwambia msaidizi wake asimame hapo hapo, apige picha. Halafu wote kimya. Mimi ni mwalimu wa udereva, miaka tisa sasa nakaa kiti cha pembeni. Najua mtu akinyamaza ghafla ameona kitu barabarani.

Nilipovaa nguo akaniita kwenye skrini. Uvimbe mwekundu, umeziba karibu nusu ya njia, chini kabisa ya utumbo mpana. Amekata vipande kupeleka maabara, lakini kwa jicho lake yeye ni saratani. Nikamuuliza: ya nani? Kweli kabisa, nimeuliza hivyo. Ya nani.

Akaangalia faili. Miaka thelathini na tatu. Akauliza kama kuna aliyewahi kunipima, hata kwa kidole tu. Hakuna. Watu watatu wamenitibu na hakuna hata mmoja aliyeniambia panda kitandani. Wa kwanza alicheka, akasema hiyo ni kazi yako ya kukaa, badilisha kiti. Na mimi bila haya nikaenda kununua mto wenye tundu katikati! Nikaufunga kwenye kiti cha gari la shule, wanafunzi wakauzoea.

Ngojangoja huumiza matumbo. Msemo huo nawapigia kila siku wanafunzi wanaoahirisha mtihani. Leo nimeusikia vizuri kwa mara ya kwanza.


Jumanne, 7 Machi

Nimekwenda kazini. Ningekaa nyumbani nifanye nini?

Asubuhi nilikuwa na Bibi Klachi. Mjane wa miaka sitini na mbili, ameamua kujifunza gari uzeeni, tumempa jina hilo kwa sababu anaikanyaga klachi kama anaua mende. Yuko hatua ya pili, uwanjani kwenye koni. Leo amezima injini mara saba na mimi sikusema neno. Mara ya nane akageuka, akaniuliza mwalimu unaumwa? Maana siku nyingine ningeshamwambia gari siyo baiskeli ya mkwewe.

Nikamwambia tumbo. Akasema pole, ni gesi hiyo.

Jioni nimewaambia wa nyumbani. Mama alikuwa anakunja nguo. Akasema saratani ni ya wazee, wewe umeipatia wapi? Kama nimeokota mtoto wa watu. Akaendelea kukunja, lakini shati moja alilikunja mara tatu.

Spika naye akaja na yake. Spika ni mdogo wangu, wa mwisho, miaka ishirini na tisa, kinyozi. Aliota maneno kabla ya meno, ndiyo maana jina likamganda. Akasema dada, kumbe ule mto ulikuwa umekaliwa na bomu. Mama akampiga na soksi. Mimi nilicheka. Nilicheka mpaka nikashindwa kuacha, na Mama akaja kunishika mabega.


Ijumaa, 10 Machi

Majibu ya maabara: ni yenyewe.

Picha ya kifua na ini haijaonyesha kitu. Daktari wa upasuaji amelisema hilo mara mbili, ameona sisikii. Ni mwanamke mfupi, mikono midogo, anaongea taratibu bila kukuficha. Upasuaji Alhamisi ijayo. Anakata kipande chenye uvimbe pamoja na tezi zinazokizunguka, anaunga ncha mbili. Ili muungo ukae salama mpaka upone, choo kitatokea tumboni kwa muda, kwenye mfuko. Miezi kadhaa, halafu atanifungua tena kurudisha.

Mfuko. Tumboni. Mimi.

Nikamuuliza kwa nini mimi, sina hata mvi. Akasema siku hizi anawaona wengi wa rika langu kuliko zamani, na vijana huvumilia kisu vizuri sana. Shida yenu, akasema, mnatufikia mmechelewa. Hakuna anayewashuku. Hata sisi hatuwashuku.

Hata sisi. Nilitamani kumshukuru na kumtukana kwa pamoja.


Jumatano, 15 Machi

Nimelazwa. Dawa yao ya kusafisha tumbo imeniharisha mpaka nimebaki ganda.

Nesi wa mifuko alikuja na kalamu ya wino mzito kunichora alama ya mahali tundu litakapokaa. Kaa. Simama. Inama. Nikamwambia dada, mimi kutwa nina mkanda wa gari. Akasimamisha kalamu. Akaniambia nikae kwenye kiti nijifanye niko kazini, nivute mkanda. Nikavuta mkanda usiokuwepo, nikaubana ubavuni, na mguu ukaenda wenyewe kutafuta breki. Akasogeza alama juu vidole viwili.

Mtu wa kwanza katika haya yote kuniuliza nafanya kazi gani na akalifanyia kazi jibu.

Mama ameondoka hivi punde. Ameniachia kanga yake ya kujifunikia. Naogopa. Sijamwambia mtu, nakuambia wewe karatasi. Naogopa sana.


Jumapili, 19 Machi

Niko hai. Mshono kutoka kitovuni kwenda chini.

Sijauangalia mfuko. Nimegeuza uso ukutani.


Jumanne, 21 Machi

Nimeuangalia.

Utumbo uliotokeza ni mwekundu, umelowa, kama ndani ya mdomo. Unajikunja wenyewe. Hauumi ukiguswa, hilo ndilo lililonishtua kuliko yote — kitu changu, kipo nje, na hakinijui. Nesi wa mifuko alisafisha, akapima tundu kwa karatasi, akakata duara, akabandika. Akanipa mkasi nijaribu. Nimekata pembe nne. Akasema utazoea. Nikamwambia hayo ndiyo nawaambia watu kuhusu klachi.

Mama aliomba kuona. Alitazama. Halafu akasema kwa sauti ndogo: nilikuosha ukiwa mtoto, nitakuosha na sasa, ondoa aibu zako hapa. Mficha uchi hazai.

Nililia mbele yake. Sikujali.


Jumatano, 29 Machi

Leo niandike kila kitu kwa mpangilio, maana mwishowe nitajidanganya.

Tulikwenda kusikiliza majibu ya kile kilichokatwa. Mimi na Mama. Daktari alifungua faili. Kingo zote safi, akasema, hakuna alichokiacha nyuma kinachoonekana kwa macho. Mama akapiga makofi mepesi. Lakini, daktari akasema. Tezi kumi na tisa zilipimwa, nne zimekutwa na saratani. Kwa hiyo ni hatua ya tatu.

Mama akauliza: kati ya ngapi, daktari?

Nne, mama.

Mama akatikisa kichwa polepole kama mtu aliyeelewa. Nikafikiri ameelewa. Daktari akampa fomu apeleke dirishani ikapigwe mhuri, nikabaki naye peke yangu. Aliniuliza kama nataka namba. Nikasema nipe. Kati ya watu kumi wa hatua yangu waliopasuliwa vizuri wakamaliza dripu za dawa ya saratani, akasema, sita au saba anakutana nao baada ya miaka mitano. Ujana haunipunguzii wala hauniongezei sana. Kinachohesabika ni hatua niliyokutwa nayo. Nikauliza, na wale watatu, wanne? Hakunikwepa. Akasema ndiyo maana tunaanza dripu mapema, miezi sita, usikose hata moja.

Kumi. Darasa langu la Jumamosi lina watu kumi. Niliwapitia mmoja mmoja kwenye akili, nani na nani, mpaka nikajiambia acha upumbavu.

Halafu akasema jambo la pili. Ndugu zako wa tumbo moja wapimwe kwa kamera. Wote. Hata kama hawaumwi. Nikamwambia tuko wawili tu.

Nikatoka. Mama ananisubiri kwenye korido, uso umemng'aa kama wa mtu aliyeshinda bahati nasibu. Akanikumbatia upande usio na mfuko. Mwanangu umepiga hatua, akasema. Juzi tu wamekukata, leo uko ya tatu. Imebaki moja!

Sikuelewa. Kisha nikaelewa.

Ni kosa langu mimi. Miaka tisa anasikia hatua, hatua, hatua. Shule yetu ya udereva ina hatua nne. Ya kwanza darasani, alama za barabarani. Ya pili uwanjani. Ya tatu barabarani. Ya nne mtihani, leseni, kwaheri. Kila jioni nikila namwambia fulani amefika ya tatu, fulani amekwama ya pili. Kwa Mama, mtu wa hatua ya tatu ni mtu anayekaribia kumaliza.

Nilifungua mdomo nimwambie. Alikuwa ananiangalia kwa furaha ambayo sijaiona tangu tarehe sita. Nikasema twende Mama, jua kali.


Alhamisi, 30 Machi

Ameshatangaza. Mtaa mzima.

Muuza duka ameniletea mayai, hongera. Mkuu wa shule ya udereva amepiga simu, amesikia nakaribia, gari langu hajampa mtu. Bibi Klachi naye kapiga. Amevuka kwenda barabarani wiki hii. Mwalimu, akasema, tumekutana hatua ya tatu, wewe na mimi, tuone nani atatangulia!

Nikamwambia asichungulie sana kioo cha pembeni. Nikakata simu, nikakaa sakafuni.


Jumapili, 2 Aprili

Nimemwambia Spika kuhusu kamera. Mezani, wakati wa chakula cha mchana, kwa sababu mimi ni mwoga na niliona mbele ya Mama itakuwa rahisi.

Akasema, mimi? Kwani mimi nakaa? Mimi kutwa nzima nasimama, dada, miguu imekuwa nguzo. Na bawasiri — samahani, hiyo kitu yako — ni ya wanaokaa. Nikamwambia haihusiani na kukaa. Akasema basi sawa, lakini wewe mwenyewe umebakiza hatua moja, kuna haja gani ya kuniingizia mimi mabomba? Ukimaliza ya nne ndipo utanisimulia.

Mama akasema mwache mwenzako, ana kazi. Akaniongezea mchuzi.

Nimeketi pale na namba zangu kichwani nikala mchuzi. Nikisema hatua ya tatu maana yake nini, namuua Mama kwa mkono wangu. Nisiposema, huyu haendi. Sikujua kwamba mtu anaweza kukaa kati ya vitu viwili hivyo na bado akaombwa apitishe chumvi.


Ijumaa, 14 Aprili

Dripu ya kwanza. Saa tano kwenye kiti.

Waliniambia baada ya dawa hii baridi itauma, sikuamini. Nimeshika kitasa cha chuma cha mlango, umeme ukapita vidoleni mpaka kwenye meno. Maji ya bomba yananichoma. Nimevaa soksi mikononi, Mama ananiita mpiga ngumi.

Kwenye kiti cha jirani alikuwepo kijana, miaka ishirini na saba, fundi seremala. Utumbo pia. Aliniuliza yako ya ngapi? Nikamwambia ya tatu. Akasema una bahati, mimi walinikuta ya nne, ini lilishapata. Alitibiwa bawasiri mwaka na nusu. Alisema hivyo bila hasira, kama anayekuambia bei ya mbao.

Mama alikuwa amekaa pembeni yangu, anasikia. Nikajua sasa ndiyo anaelewa. Alimtazama yule kijana kwa heshima, mwili wake wote mifupa, akamwambia: hongera, baba. Wewe umeshamaliza.

Kijana alinitazama mimi. Alikuwa na adabu kuliko watu wote niliokutana nao mwezi huu. Akamjibu: asante, mama.


Jumamosi, 15 Aprili

Sikulala vizuri. Sauti yake, asante, mama. Asubuhi nikavaa soksi zangu mikononi nikaenda kwa Spika kabla hajafungua.

Alikuwa anaanika mataulo. Nikakaa kwenye kiti cha wateja. Akanizungushia shuka kwa mzaha, akauliza tunyoe dada au tupunguze? Nikamwambia funga mlango.

Nikasema yote kupitia kioo, kwa kuwa kumtazama usoni ningeshindwa. Hatua ya tatu siyo ya kumaliza. Ni jinsi ugonjwa ulivyosambaa. Ya kwanza ndiyo nzuri, ya nne ndiyo mbaya. Sita au saba kati ya kumi. Mama ameshika kinyumenyume na mimi nimemwacha. Kamera ni yako, siyo ombi. Nilikuwa naongea kwa sauti ya kazini, ile ya kukaripia.

Nikasubiri aniletee kichekesho. Nakiri nilikitaka.

Spika alichukua brashi ya kusafishia mashine, akaanza kuisafisha mashine ambayo ilikuwa safi. Akaniuliza, bila kuinua macho: dada, ile damu yako ilikuwa inachanganyika na choo, au inakuja mwishoni?

Nilihisi baridi ile ya kitasa, safari hii mwili mzima. Nikamuuliza tangu lini.

Akasema, tangu kabla ya yako.

Tangu kabla ya yangu! Zaidi ya miezi minane. Alijua dalili zangu zote, alinisikia nikizitaja mezani, akatuchekesha. Nikamuuliza kwa nini, we mtoto, kwa nini. Nilitaka kumpiga. Akasema: nilikucheka sana kuhusu ule mto, dada. Baada ya hapo ningeanzia wapi kusema? Nikajiambia yangu ni ya kusimama, wewe yako ni ya kukaa.

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Sikulisema. Tulikaa na mlango umefungwa na wateja wanagonga. Alipiga magoti, akaweka kichwa chake mapajani mwangu juu ya lile shuka lenye nywele za watu, na mimi sikuweza kumshika vizuri kwa sababu ya soksi.


Jumatatu, 17 Aprili

Daktari wangu ameandika barua mwenyewe. Kamera ya Spika ni Jumatano ya wiki ijayo.

Tumekubaliana Mama asiambiwe maana ya hatua mpaka tuone majibu. Habari ya kamera, Spika amesema atamwambia yeye, ana mdomo. Mpaka jioni ya leo mdomo huo umetoa sentensi mbili tu: kwamba ni utaratibu wa hospitali, wa tumbo moja wote wanapimwa. Na kwamba ameona damu kidogo. Mama akashtuka, akakaa. Halafu akatulia haraka kuliko nilivyotegemea. Sikuelewa ametulizwa na nini.


Jumatano, 26 Aprili

Benchi la nje ya chumba cha kamera. Naandikia gotini, mwandiko wa kuku.

Spika ameingia saa moja iliyopita. Amepungua, sasa nimeona. Nimemwona kila siku na sikuona. Leo alipovaa gauni lao mkanda ulizunguka mara mbili. Aliponipa simu na saa yake nilimwambia alale ubavu, asikaze. Akasema sawa, mwalimu. Hicho tu ndicho alichosema leo tangu asubuhi.

Mlango umefungwa. Kwa ndani nilisikia mtu anasema asimame hapo, apige picha. Halafu kimya. Nimejishika kwenye benchi. Nimekanyaga chini kwa mguu wa breki, nimekanyaga na kukanyaga, mpaka Mama akanigusa paja akaniambia tulia.

Yeye ametulia. Amekaa kushoto kwangu, mkoba mapajani. Nikamuuliza Mama, huogopi? Akasema niliogopa kwako, kwa sababu nilikuwa sijui. Sasa najua inavyokwenda. Akaniinamia sikioni, wengine wasisikie. Hata wakimkuta nao, akasema, mimi naomba kitu kimoja tu, naye wamkute ameshafika ya tatu kama wewe, au zaidi. Akianzia ya kwanza atachelewa, na yule mtoto hana subira.

Nimemshika mkono. Nimesema, Mama. Amesema, eeh mwanangu. Nimesema Mama, hatua siyo — na mlango umefunguka, nesi anauliza ndugu wa huyu kijana ni nani, na Mama ameshasimama, mkoba kwapani, anatabasamu, anamuuliza yuko ya ngapi.